Nilipolala Ndani ya Msingi wa Mtani

Siku hizi watu wa mtaa wetu wananiita Mama Msingi. Nimezoea. Wapo wageni wanaodhani nauza mawe na kokoto, wanakuja kuniuliza bei ya tripu moja, nawaelekeza kwa wenye malori. Basi acha nieleze mwenyewe jina hilo lilikotoka, maana nikiwaachia wale wanywa kahawa wa barazani watasema nilikuwa napita zangu, nikateleza, nikatumbukia. Sikuteleza mimi. Niliingia kwa miguu yangu, nikatandika mkeka, nikajilaza, na nikakataa kutoka.

Mtaa wenyewe uko upande wa Gongoni, hapa hapa Tabora mjini. Nyumba zetu ni za zamani, kuta nene za udongo zilizopigwa chokaa juu ya chokaa, mbele baraza, nyuma uani. Mgeni akipita barabarani anaona baraza na milango mizuri ya mbao, anapiga picha, anaondoka akidhani ameuona mtaa. Hajauona. Mtaa uko uani. Huko ndiko tunakopika, tunakofua, tunakosukana nywele na kusutana, na kama kuna kilio kinaanzia huko. Majirani zangu wengi ni Waislamu, watu wa mji huu tangu enzi za misafara, na mwanamke akishafunga mlango wa uani anavua mtandio wake, anakaa anavyotaka. Mimi ni Mnyamwezi wa Puge, Mkatoliki, niliyeletwa mjini na ndoa na kubakizwa mjini na cherehani. Nashona sare za shule. Kwa kazi hiyo naingia uani kwa watu kila siku, kumpima mtoto huyu na kumpelekea yule sketi yake, na hivyo ndivyo nilivyopata urafiki na mama mmoja ambaye habari hii yote inamhusu.

Sasa, mtaa wetu una kamati ndogo tunayoiita kamati ya ramani. Mtu akitaka kujenga, kabla ramani yake haijakwenda manispaa, inapita kwetu. Tunaitazama, tunakwenda kiwanjani, tunasema kama jengo litawaumiza majirani au halitawaumiza, halafu mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Tuliianzisha baada ya bwana mmoja kuchimba msingi chini kabisa ya ukuta wa jirani yake. Mvua ya kwanza tu, ukuta ukalala barabarani, na kitanda cha watu kikabaki nje kinatazamwa na kila mpita njia. Katika kamati kulikuwa na mwenyekiti mwenyewe, mzee seremala mwenye futi yake ya kukunja, mwalimu mstaafu anayependa kusoma kila kitu kwa sauti, na mimi. Wakati ule nilikuwa mwanamke peke yangu.

Na ramani zinazoletwa siku hizi, jamani! Mtu ana kiwanja cha kufugia kuku, analeta jumba la kufugia tembo. Mmoja alichora nguzo kubwa kubwa mbele ya nyumba, nikamuuliza zinashikilia nini, akasema hazishikilii kitu, ni urembo. Nikamwambia urembo huo umekaa katikati ya njia ya watu. Mwingine alichora bwawa la kuogelea, katika mtaa ambao maji ya bomba yakitoka tunaitana kwa makelele. Nikamwambia, "Baba, siku utakayolijaza tuambie mapema, tuje na ndoo." Aliikunja ramani yake amenuna, lakini baadaye alirudi na nyingine isiyo na bwawa, na nyumba aliyojenga ni nzuri, mpaka leo nikipita naisifia. Sina haja ya kuficha: kazi ile naipenda kweli kweli.

Ndipo akaja bwana wa mchele. Alikuwa Mzaramo kutoka Dar, ananunua mchele huku Nzega na vijiji vyake, ana stoo yake Kanyenye, mtu mnene mchangamfu mwenye kofia safi. Alikuwa amenunua kiwanja ambacho nyumba yake ya zamani ilikuwa imeporomoka, imebaki kipande cha ukuta tu. Tulipoambizana makabila tulicheka, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao.

"Kumbe mpagazi!" akasema. "Mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua pale nilipokukuta unacheza ngoma badala ya kulima," nikamjibu.

Tangu hapo kati yetu ilikuwa ni kutukanana tu kwa furaha, kama watani wanavyopaswa. Lakini alipoikunjua ramani yake mezani, utani ulinitoka. Nyumba ya ghorofa tatu, katika mtaa ambao kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa msikiti! Na si urefu tu. Kila ghorofa ilikuwa na roshani, kile kibaraza cha juu cha kukaa na kunywa chai, na roshani zote zilikuwa nyuma.

"Nyuma kuna nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

Mwalimu akaisogeza ramani karibu na miwani yake, akasoma kwa sauti, "Jirani."

Jirani! Neno moja tu kwenye kona ya karatasi. Jirani huyo ndiye rafiki yangu, na uani wake na kiwanja kile vimetenganishwa na ukuta mmoja usiozidi kimo cha mtu mrefu. Na mambo hayakuwa yamekaa vizuri kwake. Mume wake alikuwa ametoka kufariki, naye alikuwa ameingia eda, kama wajane wa Kiislamu wanavyofanya: miezi ile anatulia nyumbani, hatoki ila kwa jambo lisiloepukika, hajipambi, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Binti yake yuko Kigoma ameolewa. Hana mtoto wa kiume, hana kaka.

Nikasema mbele ya kamati kwamba ramani hiyo isiguswe mpaka tuikague kwa upande wa uani. Wote wakaitikia, "Sawa, mama, sawa." Na mimi nikaamini.

Siku chache baadaye nikapata simu kutoka Puge. Shangazi yangu amefariki. Nikafunga cherehani, nikaenda kuzika, nikakaa huko wiki mbili.

Lazima niseme kidogo juu ya mazishi yale, kwa sababu bila hayo nisingepata akili. Jeneza lilipofikishwa kaburini, mama mmoja wa watani zetu alijitoma mbio, akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, mikono kifuani. Akasema shangazi alikula kuku wake mwaka ule wa mafuriko na hakumrudishia, kwa hiyo hapa hazikwi mtu. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku wanalia. Wazee wakambembeleza. Hakutoka. Katekista akamwomba. Hakutoka. Ndiyo haki ya mtani, huwezi kumkasirikia na huwezi kumvuta kwa nguvu, ni mpaka umridhishe. Alitoka alipoletewa kuku hai, akamshika miguu, akatuambia sasa zikeni. Nilicheka mpaka kitambaa changu cha machozi kikalowa upya.

Nikarudi Tabora na kifurushi changu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mtu wa kwetu harudi mjini bila kubeba. Kushuka tu, kuingia mtaani, nakuta nini? Kiwanja kimepigwa kamba, mchanga umemwagwa, mawe yamemwagwa, na msingi umechimbwa mrefu kwenda chini, umepita sambamba na ukuta wa uani wa rafiki yangu. Mayo wane, mama yangu! Sikufika hata nyumbani. Nikaingia kwake na kifurushi changu kichwani.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mgongo ameupa ukuta ule. Alikuwa ndani ya nguo yake ya eda, haina ua wala rangi, na mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Uani kwake mwenyewe! Mlango umefungwa! Nikajua ameshaanza kujizoeza.

"Umesikia?" akaniambia. "Mafundi wanasema huku ndiko watakakokaa kupunga upepo."

"Nani amepitisha?"

"Mimi nitajuaje, mwenzangu? Mimi natoka?"

Nikakaa. Halafu akasema jambo ambalo nililibeba mpaka mwisho wa habari hii. "Chumba ninacholala ndicho alichofia. Kile kingine kinavuja. Mchana nakaa hapa kwa sababu hapa kuna jua, hapa napumua. Nikikosa uani, nitakuwa nashinda nakitazama kitanda chake tangu asubuhi mpaka jioni. Si eda tu, dada. Ni mpaka nife." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikula, maana usipokula kwake anakasirika. Nikatoka hapo moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alikuwa barazani kwake na kahawa. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema, na siku ile nilitamani angekuwa mtu mbaya ili nimseme vizuri.

"Karibu, mama. Pole na msiba."

"Ahsante. Nani amepitisha ramani ya mchele?"

Akaiweka chini kahawa. Akaeleza kwamba kamati ilikwenda kiwanjani, seremala akapima upande wa barabara, akapima kushoto, akapima kulia, vyote viko sawa. "Tukafika upande wa nyuma, mama, tukasimama. Mle ndani mna mtu yuko eda. Tutaingiaje, wanaume wazima? Hata kubisha hodi tuliona haya. Kwa heshima ya mwenye eda, upande ule tukauacha."

"Mkauacha, halafu mkagonga muhuri."

"Upande mmoja tu, mama."

"Ndio upande wenye mtu!" Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Mmemwonea haya kumwangalia siku moja, mkampa mtu ruhusa ya kumwangalia maisha yake yote!"

Aliinama akatazama vidole vya miguu yake. Nikaona limemwingia, lakini kuingia ni kitu kingine na kurudi nyuma ni kitu kingine. Akasema muhuri ulishagongwa, ramani imekwenda na imerudi, kibali kipo, na hawezi kumfuata mtu kumwambia samahani tulikosea, vunja. "Labda mwenyewe akubali kubadilisha. Akikubali mwenyewe, hakuna wa kumzuia." Nikamwuliza zege inamwagwa lini. Akasema kesho asubuhi.

Nikalala na hasira, nikaamka na hasira. Nilipokuwa napiga mswaki ndipo yule mama wa Puge alinijia, amelala chali kaburini na mikono kifuani, anadai kuku wake. Nikacheka peke yangu na povu mdomoni. Nikajifunga kitenge kikuukuu, nikakunja mkeka wangu, nikatoka.

Mafundi walikuwa wameshaanza kuchanganya mchanga na saruji. Nikawasalimu vizuri, wakaniitikia vizuri, "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, poleni na kazi." Nikashika ukingo wa msingi, nikateremsha mguu mmoja, nikateremsha wa pili. Magoti yalilia lakini yalitii. Nikatandika mkeka chini, pale pale msingi unapopita kandokando ya ukuta wa rafiki yangu, nikalala chali, mikono kifuani.

"Mama, umepoteza kitu?" fundi mkuu akauliza.

"Sijapoteza. Nimezikwa. Mwambieni mtani wangu aje alie."

Walisimama na makoleo yao hawajui la kufanya. Mmoja akasema zege itakauka. Nikamwambia ikikauka ataikalia. Fundi mkuu, ambaye nilikuja kujua baadaye ni Msukuma, alielewa mapema kuliko wenzake, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji, na ndiye aliyepiga simu.

Mtani akaja. Nilisikia kandambili zake kabla sijamwona, halafu uso wake mnene ukatokea juu yangu, na kofia yake, na nyuma yake anga.

"We mpagazi! Umechoka mzigo mpaka umelala njiani?"

"Nimelala kwangu. Hapa hapajengwi."

"Unataka nini? Nikuletee ngoma ikuamshe?"

"Ngoma yako ipeleke Uzaramo. Mimi sitoki hapa mpaka unipe ninachotaka, na wewe unajua sheria."

Anaijua. Nilimwona akiijua. Watu walikuwa wameanza kujaa, na mtu hawezi kumwita polisi kwa mtani wake akabaki na uso wa kutembelea mjini. Mwenyekiti akafika anahema, mzee seremala akafika na futi yake, mwalimu naye huyo. Wanawake wa mtaa wakasimama milangoni, mitandio wameishika kwa meno ili mikono ibaki huru kwa kupiga makofi.

"Haya, sema, unataka nini?" mtani akauliza, sasa amechuchumaa ukingoni.

"Nataka roshani zako uzitoe nyuma. Na madirisha. Nyuma kuna mtu."

"Ah, mtani! Wewe nawe! Mchoraji ameniambia ukuta wa jirani ni mrefu. Kule juu hakuonekani kitu."

"Hakuonekani kitu?"

"Hakuonekani."

Hapo ndipo lilipotoka. Sikuwa nimelipanga, nasema kweli tupu. Nilikuwa nimekwenda kulala msingini tu mpaka nimchoshe. Lakini kwenye kile kipande cha ukuta wa nyumba ya zamani kulikuwa na ngazi ndefu ya mafundi imeegemezwa, na mimi nilivyolala chali niliiona yote mpaka juu.

"Basi panda," nikamwambia. "Ngazi hiyo hapo. Panda mpaka inapofika roshani yako ya kwanza tu, uangalie upande wa huku, halafu utuambie sote kama hakuonekani kitu. Ukisema hakuonekani, natoka na mkeka wangu naenda kushona."

Watu wakashangilia. Yeye akacheka, akajipiga kifua, akapandisha suruali, akaenda kwenye ngazi. Na mimi nikaogopa, maana kama angepanda kweli akamwona, ningekuwa nimemfanyia rafiki yangu kitu ambacho nisingejisamehe. Nilikuwa nimevuta pumzi tayari kupiga yowe.

Akapanda vidato kadhaa. Kichwa chake kikakaribia kuupita ukuta. Hapo, kutoka upande wa pili, tukasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa. Mfuniko tu. Kisha maji yakamiminwa, kisha mtu akakohoa polepole, kikohozi cha mwanamke aliye peke yake kwake. Vilisikika karibu sana, kama vile tumekaa naye.

Mtani akasimama pale pale. Mkono umeshika ngazi, shingo ameikunja chini. Nilimwona akigeuza uso, akautazama upande wa barabara, na akashuka bila kuangalia, anapapasa kidato kwa mguu mmoja mmoja.

"Vipi?" nikamwuliza kutoka chini. "Umeona?"

"Sikuangalia."

"Kwa nini hukuangalia?"

"Mtani, pale pana mtu yuko eda." Alivua kofia yake akajifuta jasho. "Siwezi kuangalia."

"Mwenyekiti, panda wewe," nikasema. Mwenyekiti akatazama pembeni. "Mzee, panda na futi yako." Mzee seremala akaikunja futi yake akaitia mfukoni. "Mwalimu?" Mwalimu, msomaji wetu wa kila kitu kwa sauti, akavua miwani yake akaanza kuifuta.

Nikainuka nikakaa kwenye mkeka wangu. "Umeshindwa kuangalia kwa dakika moja tu, wewe mwenye nyumba, uliyelelewa vizuri. Na wapangaji wako je? Na wageni wao? Na watoto watakaozaliwa humo? Nao utawashikia shingo? Yule mama hana mahali pengine pa kuona jua. Ana hapo tu."

Sikumtukana. Naye akamgeukia fundi mkuu akamwambia, "Simamisha kazi." Kisha akanigeukia mimi. "Sikujua, mtani. Wallahi sikujua. Niliambiwa jirani, nikajua jirani."

"Sasa umejua."

"Natoa roshani. Natoa na madirisha. Nyuma itakuwa ukuta mtupu."

"Na ghorofa zako tatu?"

"We mwanamke! Nimekupa mkono unataka bega!"

"Nataka kuku wangu," nikamwambia, na nikalala tena chali, mikono kifuani.

Alicheka. Jamani, alicheka yule mtu mpaka tumbo likaruka, na mafundi wakacheka, na mwenyekiti naye akaachia kicheko alichokuwa amekibana tangu alipofika. "Ghorofa moja," akasema. "Moja tu, na ukiongeza neno nakumwagia zege humo humo ndani." Wanawake milangoni wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka mtaa wa pili. Akanyoosha mikono yote miwili kunitoa. Nilikuwa nimeshakufa ganzi miguu, ikabidi na fundi Msukuma aje anishike kwapa, na hivyo ndivyo nilivyofufuka, udongo mgongoni, kitenge upande, na sijawahi kujiona mrembo kama siku ile.

Ramani mpya ilikaguliwa mezani kwangu, kwenye meza ya kukatia vitambaa, chini ya taa ya cherehani. Mtani aliileta mwenyewe. Nyumba ya ghorofa moja, baraza mbele kama zetu, roshani imehamia upande wa barabara ambako atakayekaa atatazama baiskeli na bajaji mpaka achoke. Nyuma ukuta mtupu, na juu kabisa karibu na dari vitundu vidogo vya hewa, vilivyopita kimo cha mtu yeyote. Mwalimu alisoma kila kitu kwa sauti. Alipofika upande wa nyuma akakuta kwenye kona hapakuandikwa tena "jirani". Paliandikwa "uani kwa mama". Mwenyekiti akagonga muhuri kwa nguvu mpaka pini zangu zikaruka.

Na kamati siku hizi ina wanawake watatu, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeliomba hilo kwenye mkutano wa mtaa. Ramani ikija, sisi ndio tunaoanza, tunapita mlango wa nyuma, tunakaa mkekani, tunatazama juu. Wanaume wanasubiri barazani na kahawa yao mpaka tuwaambie. Majumba ya kufugia tembo bado yanaletwa, na tunayapunguza, moja baada ya jingine.

Ujenzi ulipokuwa unakaribia kwisha, mama yake mtani alikuja kutoka Dar kuitazama nyumba ya mwanawe. Bibi mdogo wa umbo, ulimi mkali kuliko wangu. Alizunguka, akafika nyuma, akaugonga ukuta mtupu kwa kiganja. "Ukuta huu ni mzuri," akasema. "Lakini wanawake tutapitia wapi?" Mwanawe akamwita fundi, na mlango mdogo ukatobolewa chini, kutoka uani kwao mpaka uani kwa rafiki yangu, baada ya yeye mwenyewe kuulizwa na kuitikia. Ni mlango wa kuinama. Hakuna mwanaume anayeupita.

Eda ya rafiki yangu ikaisha. Asubuhi ile aliniita mapema, akasema nije kabla ya wageni. Nikaingia nikamkuta kwenye mkeka ule ule, amekoga, amevaa kanga mpya, hina mbichi kiganjani, na nywele zake, ambazo nilikuwa sijaziona tangu msiba, zimeachiwa mgongoni zinakauka. Zilikuwa zimeingia mvi nyingi. Nikamwambia amezeeka. Akaniambia nijitazame mimi kwanza.

"Angalia juu," akasema.

Nikaangalia. Ukuta mweupe wa mtani, kisha anga. Hakuna dirisha, hakuna mtu. Jua lilikuwa limeshaupita ukuta linashuka mkekani, na yeye akanyoosha miguu akaiweka humo.

Mlango mdogo ukalia, bibi wa Kizaramo akaingia ameinama na sinia la mikate ya kumimina. Na nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, ikaja sauti ya mtani mwenyewe, hatumwoni, wala yeye hatuoni.

"Mpagazi! Najua umo humo, nasikia unatafuna! Sikiliza, siku yako ikifika nitakwenda Puge, nishuke kaburini, na mimi sitaki kuku, nitataka ghorofa zangu mbili!"

"Njoo na mkeka wako!" nikampigia kelele. "Wangu nitakuwa nimeulalia!"

Rafiki yangu akaanza kucheka. Alianza taratibu, kama mtu anayejaribu kitu alichosahau, halafu kikamshinda, akaangukia mgongoni kwa bibi, akashika mbavu, akacheka kwa sauti mpaka machozi yakamtoka, kichwa wazi, nywele chini, juani, uani kwake.